Msomaji wa Wasokota Sigaa

Kila Jumamosi, jua likishapungua ukali, nakaa barazani na sigaa moja. Moja tu, na haipungui dakika arobaini na tano. Mke wangu anaiita "ile ibada yako", na wajukuu wameshajua kwamba saa hiyo babu haombwi hela. Nasema sigaa, neno la kamusi, maana Kiswahili chetu kilimpa jina la sigara yule mdogo wa kwenye pakiti, mkubwa akabaki kuitwa vyovyote: huyu biri, yule sigara ya Kicuba. Wacuba nao hawako mbali na sisi. Kwao cigarro ni ile ndogo. Hii yangu wanaiita tabaco, yaani tumbaku basi, kana kwamba nyingine zote si tumbaku.

Mimi ni mtoto wa tumbaku. Nimekulia Urambo, mahali ambapo Waingereza walianzisha mashamba ya karanga baada ya vita ya pili, karanga zikawashinda, ardhi ikaishia kwenye tumbaku. Baba alikuwa na bani moja la kukaushia majani, la tofali za udongo. Msimu ukifika tulichuma majani kuanzia chini ya mche kwenda juu, tukayatunga kwenye fito, tukalala kwa zamu tukichochea moto. Mikono inashika gundi nyeusi isiyotoka kwa sabuni. Ukichuma majani yana umande, jioni unatapika. Moto ukishazimwa ndipo inakuja kazi ya kuchambua madaraja, na hapo ndipo nilipopata cheo. Watu wazima walikaa kwenye mikeka kuzunguka rundo la majani, mimi nikapewa gazeti la Uhuru nisome kwa sauti. Gazeti likiisha nasoma Mashimo ya Mfalme Sulemani. Baba hakujua kusoma, lakini nikiruka ukurasa alinyanyua kichwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtumishi wa serikali mkoani, nilizoeana na daktari Mcuba. Ndiye aliyenipa sigaa yangu ya kwanza na kunifundisha nisiivute kifuani. Nilipomsimulia habari za mkeka na gazeti, alicheka mpaka akakohoa. Akasema kwao hiyo ni kazi ya mshahara. Baba yake alikuwa msokotaji Havana, na vitabu vyote alivyovijua aliviingiza kichwani kwa masikio.

Kazi hiyo ilianza Desemba 1865, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, wafanyakazi walipokubaliana mwenzao mmoja awasomee wakati wengine wanasokota. Aliyelipigia debe jambo hilo zaidi ni Saturnino Martínez, msokotaji wa kiwanda cha Partagás aliyekuwa pia mshairi, na mwaka huohuo alikuwa ameanzisha gazeti la wafanyakazi, La Aurora. Mwezi uliofuata Partagás nao wakawa na msomaji wao. Ukumbini pale palikuwa kimya kwa asili ya kazi yenyewe, hakuna mashine inayonguruma. Kuna meza, ubao, na kisu kiitwacho chaveta, bapa la chuma lenye umbo la mwezi mchanga, halina mpini.

Nimewahi kujaribu kusokota, nikaaibika. Majani ya ndani ni ya aina tatu, na mkulima wa Urambo atayaelewa mara moja: volado ya chini ya mche, inayoshika moto vizuri, seco ya kati, yenye harufu, ligero ya juu iliyopigwa jua, kali na nzito. Ligero inawekwa katikati kabisa maana inaungua polepole. Ukiikosea sigaa inawaka upande mmoja. Majani hayo yanakunjwa moja moja ili moshi upate njia, yanafungwa kwa jani la pili, kisha linakuja lile la nje, laini kama hariri, lililolimwa chini ya kivuli cha vitambaa huko Vuelta Abajo, magharibi ya kisiwa. Mikono ikishaizoea kazi hiyo, masikio yanabaki bila shughuli. Hapo ndipo msomaji alipopata nafasi yake.

Ninachokipenda zaidi ni malipo. Tajiri hakutoa senti. Kila msokotaji alikatwa kidogo kwenye ujira wake wa wiki, ndiyo maana wao ndio waliokuwa mabwana wa msomaji. Walimjaribu sauti kabla ya kumwajiri, wakapiga kura kuchagua riwaya. Kwa kawaida asubuhi ni magazeti, baadaye hadithi. Alikaa juu ya jukwaa ili sauti ifike nyuma, na akimaliza vizuri waligonga chaveta mezani kama mvua ya mawe juu ya bati.

Wakubwa hawakuchelewa kushtuka. Mei 1866 serikali ya kikoloni ya Hispania ilipiga marufuku usomaji viwandani, na vita ya uhuru ilipoanza mwaka 1868 mambo yakazidi kubana. Wasokotaji wengi wakahamia Florida, wakahama na desturi yao. Huko Tampa, katika mtaa wa Ybor City, ndiko mpigania uhuru wa Cuba José Martí alikokwenda mwaka 1891 kutafuta watu na fedha za ukombozi. Hakuwakuta watu wa kufundishwa siasa. Walikuwa wamesomewa miaka mingi.

Wavutaji wameandikwa vya kutosha, Churchill na wenzake. Anajulikana pia Rais Kennedy wa Marekani, aliyemtuma msaidizi wake Pierre Salinger amtafutie sigaa elfu moja za Cuba, akaletewa 1,200, ndipo akatia saini ya kuzipiga marufuku, mwaka 1962. Kisa kizuri, lakini ni kisa cha mnunuzi. Mimi naona alama ya msomaji iko kwenye pete ya sigaa yenyewe: Romeo y Julieta, na Montecristo ya mwaka 1935, ambayo inaelezwa kuwa imepewa jina la mhusika wa Alexandre Dumas kwa kuwa wasokotaji hawakuchoka kumsikia. Tajiri mwenye pesa anabana mdomoni jina la mfungwa aliyetoroka gerezani, naye hana habari.

Cuba msomaji yupo hadi leo. Mwaka 2012 serikali yao ilimtangaza kuwa urithi wa utamaduni wa taifa. Tampa hawakuwa na bahati. Mwaka 1931 wenye viwanda waliwaondoa wasomaji wakidai wanaeneza siasa kali, wafanyakazi wakagoma, wakashindwa. Pale palipokuwa na jukwaa pakawekwa redio.

Habari hiyo ya redio nilipoisoma niliiweka sigaa chini kidogo. Msimu niliofika darasa la saba tumbaku yetu ilipata daraja zuri, baba akanunua redio ya betri. Akaitundika kwenye nguzo ya banda la kuchambulia, akafungulia taarifa ya habari, kisha akanitazama nikiwa nimekaa na kitabu mapajani. Akanionyesha fito za kutungia majani.