Nia, Njia na Daftari la Mahudhurio

Mwaka 1975 nilikuwa mwalimu kijana, na jioni nilifundisha darasa la kisomo chini ya mwembe. Mwalimu Nyerere alikuwa ameufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na baadaye ikaamuliwa kuwa ujinga wa kutojua kusoma ufutwe kabla 1975 haujaisha. Zaidi ya watu milioni 5 walijiandikisha. Mtihani wa taifa wa mwezi Agosti ulipima kusoma, kuandika na kuhesabu kwa hatua nne, kisha ikatangazwa kuwa wasiojua kusoma, waliokuwa kama thuluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, wamebaki asilimia 39.

Kazi ile ilikuwa kubwa, sitaki kuibeza. Lakini jambo moja halikupimwa: kwa nini huyu alidumu hadi mwisho na mwenzake akaacha. Hilo tuliachiwa sisi walimu, nasi tulilipima kwa kalamu nyekundu. Mama mmoja wa makamo, hodari wa kulima pamba, aliacha kuja miezi michache kabla ya mtihani. Katika daftari la mahudhurio niliandika: "Hana nia."

Mwaka 1991 Charles R. Snyder, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, alichapisha pamoja na wenzake kipimo cha matumaini kwa watu wazima. Kina sentensi 12 tu, na anayepimwa husema kila moja ni kweli kwake kwa kiasi gani. Nne hupima msukumo wa kulifuata lengo. Nne hupima kama mtu hujiona anaweza kupata njia za kulifikia, hata ya kwanza ikizibwa. Nne zilizobaki hazihesabiwi; zimetiwa ili mjibuji asitambue upesi anachoulizwa, ujanja ambao kila mtunga mitihani anaujua.

Nilipokisoma, wakati huo nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilicheka, kisha nikanyamaza. Penye nia pana njia: tumewakaririsha watoto hivyo kana kwamba njia huzaliwa na nia. Snyder alizihesabu mbalimbali kabla ya kuzijumlisha. Mtu aweza kuwa na ya kwanza tele na ya pili asiwe nayo.

Mwaka 2007 Angela Duckworth na wenzake walitoa kipimo chao cha ustahimilivu, nacho cha sentensi 12. Kilisaidia kubashiri ni makuruta gani wa chuo cha kijeshi cha West Point wangemaliza mafunzo ya kwanza ya kiangazi. Sawa, lakini kuruta yule hulala, hula na huvaa kwa gharama ya serikali. Njia amekwisha kutandikiwa.

Yule mama nilimkuta mnadani mwaka uliofuata. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama bado nafundisha "zile herufi za sisimizi." Kumbe macho yake hayakuona tena karibu. Alikuwa akikisogeza kitabu mbali hadi mkono ukaisha, akaona haya kusema mbele ya wakwe zake. Hata kipimo cha Snyder kisingeligundua hilo, maana huuliza mtu anavyojiona, hakiulizi kama ana miwani.

Mtihani wa 1977 aliufanya kwa miwani ya kuazima, akapata hatua ya tatu. Daftari ninalo mpaka leo, na maneno yale hayajafutika.