Siri Zilizouzwa Dukani

Wengi hudhani mazingaombwe ya karata yalidumu kwa sababu mabingwa wake walifunga midomo, na kwamba mwanagenzi hakuwa na njia ila kumtumikia fundi mpaka aaminiwe. Historia ya Ulaya na Marekani yaonyesha vingine. Tangu karne ya 16 aliyetaka kujifunza aliweza kupata kitabu, na kuanikwa kwa siri hakukuiua kazi hiyo. Kilichomkwaza mwanagenzi ni vidole vyake mwenyewe.

Reginald Scot, Mwingereza wa Kent, hakukusudia kumfundisha mtu mazingaombwe. Kitabu chake cha 1584, The Discoverie of Witchcraft, kilipinga kuhukumiwa kwa watu walioshtakiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee na maskini. Ili kuonyesha kwamba si kila cha ajabu hutoka kwa shetani, alieleza jinsi wafanya viinimacho wanavyoficha sarafu, wanavyojifanya kukata kichwa cha mtu, na wanavyochanga karata bila kuipoteza ile wanayoitaka. Alisikitika kwamba huenda akawaharibia riziki maskini wanaoishi kwa kazi hiyo. Hofu yake haikutimia. Mwaka 1634 kilitoka Hocus Pocus Junior, kilichochota mengi kwake na kuacha kabisa hoja za uchawi; hicho kiliandikwa kwa ajili ya kufundisha tu. Hivyo hoja ya kuokoa watu na kitanzi ikageuka somo la burudani, jambo ambalo Scot hangelitabiri.

Kilio kilikuwa kikubwa zaidi mwaka 1876, wakili wa London, Angelo Lewis, alipochapisha Modern Magic kwa jina la Profesa Hoffmann. Walikuwapo wachezaji walioona kazi yao imekwisha: nani atalipa kiingilio kutazama alichokwisha kusoma? Hoja hiyo ina uzito, lakini yaliyofuata yaliipinga. Kumbi za London na New York ziliendelea kujaa, na vyama mashuhuri vya kulinda siri vilizaliwa baada ya kitabu hicho: Society of American Magicians mwaka 1902, The Magic Circle mwaka 1905. Mlango ulitiwa komeo wakati nyumba imekwisha kujaa wageni.

Tazama mchezo mmoja wa wanaoanza. Mchezaji anachungulia karata ya chini kabisa. Mtazamaji anachagua yake na kuirudisha juu ya pakiti. Pakiti inakatwa, na sehemu ya chini inawekwa juu. Sasa ile iliyochunguliwa imeikalia iliyochaguliwa. Zikifunuliwa moja moja kutoka juu, inayoifuata ndiyo yenyewe. Siri imekwisha, na bado mwanagenzi ataumbuka, kwa kuwa jicho lake litakwenda chini ya pakiti wakati kila mtu anamtazama.

Hapo ndipo penye pingamizi zito: kama kazi ni ya mkono, kitabu kitaufundishaje? The Expert at the Card Table, kilichotoka Chicago mwaka 1902 kwa jina la S. W. Erdnase (jina la kubuni, na mwenyewe hajatambuliwa kwa hakika hadi leo), ni kigumu hata kwa wazoefu. Dai Vernon, aliyezaliwa Ottawa mwaka 1894, alikisoma tangu utotoni, lakini mwaka 1932 alisafiri hadi Missouri kumtafuta mcheza kamari Allen Kennedy, aliyeweza kugawa karata kutoka katikati ya pakiti bila kuonekana. Mbinu hiyo Erdnase hakuifundisha. Nakubali basi kwamba yako mambo ambayo karatasi haiyafikishi. Ila Vernon hakwenda kwa Kennedy kama mwanagenzi mikono mitupu. Alikwenda na zaidi ya miaka 20 ya mazoezi, na ndiyo maana alichoonyeshwa aliweza kukiona.