Wachumba wa Zamani Mbele ya Baraza

Zama za Waingereza, Karagwe ilipokuwa ingali sehemu ya wilaya ya Bukoba, vijana wengi wa nchi hii walivuka mto Kagera kwenda Uganda kutafuta ijara. Na waliporejea baada ya miaka, baadhi yao waliwakuta wachumba waliowaacha wamekwishaolewa na wana watoto.

Kukutana huko hakukuwa shauri la moyo peke yake. Katika mila ya Wahaya, ndugu na jirani wa Wanyambo wa Karagwe, kulikuwa na kanuni iitwayo bisisi, waliyoiandika Cory na Hartnoll katika kitabu chao cha 1945 juu ya mila hiyo, ambayo kwayo mwanamume wa kwanza kumwingilia mwanamke baada ya kujifungua aliweza kudai kuwa baba wa mtoto afuataye, ijapokuwa si mume. Hivyo mahaba ya siri yaliweza kuzaa daawa ya nasaba mbele ya baraza. Kanuni dhalimu, kwa rai yangu, maana mama hakuulizwa.

Ama kwa mchumba aliyeachwa, leo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa, mwanamume au mwanamke, kudai fidia mahakamani.