Njia ya Shelui: Familia, Watoto na Safari za Kuvuka Mpaka

Shelui ni mji mdogo wa Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, uliojengeka chini ya mlima Sekenke, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma na Singida humaliza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa na kuingia katika tambarare ya Wembere, kabla ya kuendelea hadi Igunga, Nzega, Isaka na hatimaye mipaka ya Rwanda na Burundi. Barabara hiyo ni sehemu ya Ushoroba wa Kati, yaani mtandao wa bandari, reli na barabara unaoziunganisha nchi zisizo na bahari na pwani ya Tanzania, na kwa sababu hiyo historia yake huelezwa zaidi kwa hesabu za shehena kuliko kwa habari za watu waliopita humo pamoja na watoto wao. Hata hivyo watoto wamekuwamo katika njia hizi tangu enzi za misafara ya miguu, na mabadiliko ya namna wazazi walivyojiandaa kusafiri nao yanaonyesha, pengine kuliko takwimu za malori, jinsi dhana yenyewe ya "nje ya nchi" ilivyozaliwa katika ukanda huu.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara, iliyoanzia Bagamoyo na kupita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, ilikuwa kusini ya Iramba, lakini matawi yake yaliyoelekea Usukuma na Ziwa Victoria yalikata katika nchi za Wanyaturu na Wanyiramba na kuivuka Wembere. Mpelelezi Henry Morton Stanley alishika mojawapo ya matawi hayo alipoondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na kufika Kagehyi, kando ya ziwa, tarehe 27 Februari 1875, baada ya mapigano makali katika nchi ya Wanyaturu mnamo Januari. Msafara wake unakumbukwa kwa bunduki na mashua iliyobebwa vipande vipande, lakini katika idadi ya watu 356 aliyoitaja wakati wa kuanza safari walikuwamo wanawake 36 na wavulana 10, watoto wa baadhi ya viongozi na wabeba mashua, ambao walifuatana na mama zao huku wakiwasaidia kubeba vyombo vidogo vya kupikia.

Jambo hilo halikuwa la ajabu wala halikuanzishwa na Stanley. Wapagazi wa Kinyamwezi, yaani wanaume walioifanya kazi ya kubeba mizigo ya pembe za ndovu na vitambaa kuwa taaluma yenye ujira na heshima yake, walizoea kusafiri na wake zao, na mara nyingine na watoto, kwa sababu safari ya kwenda pwani na kurudi ilikula miezi mingi na kambi isiyo na wapishi ilikuwa kambi ya njaa. Mwanamume aliyebeba frasila mbili, ambazo ni takribani kilo 32, hakuwa na mkono wa ziada wa kushika sufuria wala mkeka, hivyo mke alibeba unga, vyombo na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto aliyeweza kutembea akapewa kibuyu au kuku wa kubeba. Kwa maneno mengine, mtoto wa msafara alihesabiwa kuwa mtu mwenye kazi yake na si abiria, na ingawa wasafiri wa Kizungu waliona utaratibu huo kuwa ushahidi wa vurugu za Kiafrika, ni vigumu kuona jinsi ambavyo safari hizo ndefu zingewezekana bila huo.

Maandalizi ya safari yalihusu chakula kwanza, na baada ya chakula yalihusu namna ya kupita katika nchi ya mwenzio. Kila mtemi, yaani mtawala wa jadi wa eneo, alikuwa na haki ya kudai hongo, neno ambalo siku hizi limebaki na maana ya rushwa lakini ambalo wakati huo lilimaanisha ushuru halali wa kupita, uliolipwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, kwa shanga au kwa waya wa shaba. Kiongozi wa njia, aliyeitwa kirangozi, alitakiwa kujua si visima peke yake bali pia kiasi cha hongo cha kila mahali na mtu wa kuzungumza naye. Palipokosekana kitambaa, palikuwa na utani: uhusiano wa mzaha na msaada kati ya makabila, ambao wanahistoria wengi wanauhusisha na misafara hii, hasa ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, na ambao ulimpa msafiri aliyeishiwa haki ya kuomba chakula, malazi, na hata mazishi, kwa watu wasio ndugu zake. Kwa mzazi mwenye mtoto mgonjwa njiani, mtani alikuwa na thamani kuliko shanga.

Utawala wa Kijerumani ulibadilisha mambo mawili kwa kasi. Kwanza, dhahabu iligunduliwa Sekenke katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, na mgodi wake, uliokuwa wa kwanza kuwa na maana kibiashara katika koloni hilo, ukaifanya Iramba kuwa mahali pa kwendea badala ya mahali pa kupitia. Dhahabu ya huko ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kutengeneza, mjini Tabora, sarafu ya rupia 15 yenye sura ya tembo, wakati koloni lilipokuwa limezingirwa na vita. Pili, Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikapita mbali kusini, na kazi ya upagazi wa masafa marefu ikafifia ndani ya kizazi kimoja. Reli ya tawi kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, iliyojengwa na Waingereza katika miaka ya 1930, iliisogelea Iramba kidogo, lakini iling'olewa muongo uliofuata kwa kukosa mizigo ya kutosha, na wakazi wa Shelui wakabaki na barabara ya vumbi.

Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba mpaka mwaka 1916 safari ya kutoka Iramba hadi Kigali haikuwa safari ya nje ya nchi hata kidogo, kwa kuwa Rwanda na Urundi zilikuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kama ilivyokuwa Singida. Majeshi ya Ubelgiji yalizitwaa nchi hizo mbili mwaka 1916, yakaingia Tabora mwezi Septemba mwaka huohuo, na makubaliano ya mwaka 1919 kati ya Uingereza na Ubelgiji yakachora mstari ambao haukuwapo. Hata mstari huo uliyumba: Gisaka, eneo la mashariki ya Rwanda karibu na maporomoko ya Rusumo, liliwekwa kwanza upande wa Waingereza, waliotaka kupitisha reli, kisha likarudishwa Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1920 baada ya malalamiko ya Mwami Musinga, yaani mfalme wa Rwanda, na ya wamisionari. Mtoto aliyezaliwa Gisaka mwishoni mwa utawala wa Kijerumani aliweza kubadilishiwa himaya mara tatu kabla ya kumaliza kuota meno ya utu uzima, bila familia yake kuhama.

Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, na wa Rwanda na Burundi tarehe 1 Julai 1962, uliufanya mstari huo kuwa mpaka wa mataifa huru, wenye pasi, yaani hati ya kusafiria, na maofisa wa Uhamiaji. Watoto waliingia katika utaratibu huo kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa desturi iliyorithiwa kwa Waingereza ilikuwa kuandika jina la mtoto ndani ya pasi ya mzazi, na hivyo mtoto alivuka mpaka kama sehemu ya mama au baba yake. Kwa vitendo, familia za Iramba zilizosafiri hivyo kwa matembezi zilikuwa chache mno. Magari ya binafsi yalikuwa haba, fedha za kigeni zilidhibitiwa na Benki Kuu, na katika miaka ya uhaba wa mafuta mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata kuendesha gari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana kulikatazwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, jambo lililofanya hata jirani wa kaskazini awe mbali.

Kundi kubwa la watoto lililovuka mpaka wa Rwanda na Tanzania halikuwa la matembezi: kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 wakikimbia kutoka Rwanda na kuingia Ngara, upande wa Tanzania.

Safari fupi ya familia, ya siku tatu au nne, iliwezekana kwa watu wa kipato cha kati pale tu mambo kadhaa yalipokutana. Mkataba wa Jumuiya mpya ulianza kutumika mwaka 2000, Rwanda na Burundi zikajiunga mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotambua haki ya raia wa nchi wanachama kuingia katika nchi nyingine, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2010. Katika miaka hiyohiyo kipande cha Singida hadi Shelui, chenye urefu wa takribani kilomita 110, kiliwekwa lami, na mteremko wa Sekenke, ambao hadi leo malori huupanda kwa kujikongoja, ukaacha kuwa kizuizi cha masika. Daraja jipya la Rusumo lilikamilika mwaka 2014, na mwaka 2016 marais wa Tanzania na Rwanda walizindua hapo Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, utaratibu ambao maofisa wa nchi mbili hukaa katika jengo moja ili msafiri asimame mara moja badala ya mara mbili. Faida yake kwa mzazi mwenye watoto wawili waliolala kiti cha nyuma haihitaji maelezo.

Maandalizi ya sasa, kwa hiyo, yana sura nyingine. Gari linahitaji bima inayotambuliwa ng'ambo ya mpaka, kwa kawaida ile iitwayo Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaendelea kushiriki ingawa ilijitoa katika umoja huo wa kibiashara mwaka 2000. Dereva huhamia upande wa kulia wa barabara mara tu anapoingia Rwanda, na saa zake hurudi nyuma kwa saa moja, kiasi kwamba mtoto aliyezoea kula saa sita mchana huanza kulia saa tano ya Kigali. Nguo za watoto hazifungwi katika mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008 na Tanzania tangu Juni 2019. Chanjo ya homa ya manjano, ambayo uthibitisho wake ni kijitabu cha kimataifa, hutolewa kwa kawaida kuanzia miezi tisa, hivyo umri wa mtoto mchanga huingia katika hesabu ya tarehe ya safari. Wasio na gari hutegemea mabasi, na kwao ruhusa ya mabasi kusafiri usiku, iliyorudishwa mwaka 2023 baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990, imeondoa ulazima wa kulala na watoto stendi.

Kikwazo kikubwa, hata hivyo, kiko kwenye karatasi za mtoto mwenyewe. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilihimiza kanuni ya mtu mmoja pasi moja, desturi ya kumwandika mtoto katika pasi ya mzazi ikatoweka, na leo mtoto wa miezi sita huhitaji pasi yake au hati ya dharura ya safari. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 kuwaruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, mpango ambao Tanzania haikuingia. Lakini hata kama ingeingia, kitambulisho cha taifa hutolewa kwa mwenye umri wa miaka 18, na mtoto angebaki palepale. Msingi wa hati zote hizo ni cheti cha kuzaliwa, na watoto wengi wa vijijini walikua bila kuwa nacho, kwa kuwa kukipata kulimaanisha safari ya kwenda makao makuu ya wilaya, ambayo kwa mkazi wa Shelui ni Kiomboi, juu ya mlima. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanza Mbeya mwaka 2013 chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, uliupeleka usajili katika vituo vya afya na ofisi za kata, na baadaye ukapanuliwa katika mikoa mingine. Kwa hiyo mama wa Shelui anayetaka kumpeleka mwanawe Kigali huanzia kliniki, kwenye dawati la usajili, miezi mingi kabla ya kufikiria gari, barabara au Rusumo.