Mandhari ya Programu: Si Dhamira, Wala Si Picha ya Kioo

Mwanafunzi wa kidato cha nne katika sekondari ya Usagara, hapa Tanga mjini, anazijua tofauti za maneno mawili kabla hajaingia chumba cha mtihani. Dhamira ni wazo analolikusudia mwandishi. Mandhari ni mahali na mazingira visa vinamotokea. Akiyachanganya katika karatasi ya Kiswahili, alama zinakwenda. Jioni chaji ya simu yake inapokaribia kwisha, nayo ni Android iliyowekwa Kiswahili, anaelezwa kwamba Kiokoa Betri huwasha Mandhari meusi. Akiibadili lugha ya simu iwe Kiingereza, palepale anakuta neno theme, ambalo mwalimu wake wa fasihi angemwambia bila kusita kuwa ni dhamira.

Naona watafsiri wa simu walichagua vizuri. Hata hivyo neno lenyewe halijatulia, na kwa sasa vijana wengi wanatengeneza programu za Kiswahili, hasa hizi ndogo za kuorodhesha kazi za siku, kwa hiyo inafaa tulitulize.

Neno la Kiingereza lina asili ya Kigiriki, na huko lilimaanisha jambo lililowekwa, lililotangulizwa ili lizungumzwe. Likaenda katika hotuba, katika muziki, katika fasihi, na mwishowe katika kompyuta, ambako limebeba maana ya namna yake. Mandhari ya programu ni jumla ya maamuzi ya mwonekano: rangi ya usuli, rangi ya maandishi, fonti na ukubwa wake, nafasi kati ya mstari na mstari, upana wa pambizo, umbo la vitufe na visanduku. Maamuzi hayo hukusanywa mahali pamoja na kutengwa na maudhui, hata mtumiaji akaweza kuyabadili yote kwa kugusa mara moja, na orodha yake ya kazi isipungue hata herufi.

Kule kutengwa ndiko kiini cha istilahi. Mwaka 2003 msanifu wa Kanada, Dave Shea, alilionyesha jambo hili kwa kazi aliyoiita CSS Zen Garden. Aliandika ukurasa mmoja wa maandishi, akawaalika wasanifu wengine waubadilishe sura watakavyo, kwa sharti kwamba faili la maandishi lisiguswe. Walichoruhusiwa ni faili la mitindo, pamoja na picha linazoziita. Kurasa zilizopatikana zilitofautiana kiasi kwamba mtu aliyezitazama zikiwa zimepangwa pamoja asingeamini kwamba maneno ni yaleyale.

Ndiyo sababu dhamira haifai hapa. Dhamira imo ndani ya maudhui. Ukiitoa, hadithi haibaki hadithi. Kinachobadilishwa katika programu ni kile hasa ambacho hakimo katika maudhui. Kiingereza kimeachia neno moja lifanye kazi mbili zinazopingana, nasi hatulazimiki kuirithi shida hiyo. Mandhari ni neno tulilolipata katika Kiarabu, kutoka mzizi wa kutazama, na lina ndugu zake humuhumu katika Kiswahili: nadhari, nadharia. Ni kile ambacho jicho hukutana nacho. Msomaji anayesema mandhari ya Pangani yanampendeza hazungumzii dhamira ya Pangani, na msanifu wa programu anafanya kazi upande huohuo wa jicho.

Tatizo la kwanza ni kwamba Android hiyohiyo inaita mandhari ile picha inayokaa nyuma ya aikoni. Mtu akiambiwa "badilisha mandhari" hajui kama atabadili picha ya mtoto wake iliyo kwenye kioo au rangi za simu nzima. Picha iitwe picha ya usuli, au hata picha ya kioo kama watu wanavyosema mitaani, na mandhari libakie kwa mkusanyiko wote wa maamuzi.

Tatizo la pili ni la ngeli. Mandhari meusi, au mandhari nyeusi? Wasemaji wamegawanyika, na hata mimi hapo juu nimesema mandhari ya Pangani yanapendeza kwa sababu ndivyo ulimi unavyokwenda katika mazungumzo. Silabi ya kwanza inatuvuta, tukadhani ni wingi. Lakini maktaba, maabara na mahakama nayo yanaanza na silabi hiyo, na hakuna anayesema maktaba makubwa. Kwa istilahi nachagua ngeli ya i-/zi- kwa sababu ya kazi: programu huwa na mandhari zaidi ya moja. Katika ngeli hiyo naweza kuandika "mandhari hii" na "mandhari hizi", na mtumiaji akajua kama anabadili moja au anatazama orodha nzima. Nikisema "mandhari haya", moja na kumi zimefanana. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, limekuwapo kwa sheria tangu 1967 na kusanifisha istilahi ni kazi yake. Hili la ngeli ni dogo, lakini linaonekana kila siku kwenye mamilioni ya vioo, na linastahili kauli moja.

Sasa mandhari iliyo nzuri. Wasanifu husifu mandhari "safi". Safi ni neno pana mno, maana kila kilichotupendeza siku hizi ni safi. Nadhifu linatosha zaidi: lina mpangilio ndani yake, si kukosa taka tu. Chumba nadhifu kinaweza kuwa na vitu vingi, ilmradi kila kimoja kiko mahali pake. Na sifa ya pili ni kusomeka. Kitenzi hiki ni hazina, kwa kuwa kinatuwezesha kupanga ngazi tatu bila kuazima chochote: maandishi huonekana, halafu herufi hutambulika, halafu ujumbe husomeka. Mandhari nyingi zinafika ngazi ya kwanza na kuishia hapo.

Ngazi ya kutambulika ina kipimo. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu, WCAG, katika toleo lake la 2008 iliweka kwamba utofautishaji kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake usipungue 4.5 kwa 1, na kwa maandishi makubwa usipungue 3 kwa 1. Nyeusi tupu juu ya nyeupe tupu ni 21 kwa 1, na hapo ndipo mwisho. Hesabu hufanywa kwa kulinganisha mng'ao wa rangi mbili, si kwa kukisia. Tuchukue kijivu, rangi inayopendwa mno kwa kazi zilizokwisha kufanywa. Kijivu chenye msimbo #767676 juu ya nyeupe kinapita, kwa 4.54. Ukikipandisha hatua moja tu kuwa #777777 kinashuka hadi 4.48, na kimeshindwa. Kile cha #999999, ambacho wasanifu hukiona cha kistaarabu, hakifiki hata 3. Na nyekundu tupu, inayowekwa kwa kazi zilizopitwa na muda, juu ya nyeupe ni 4 tu. Yaani jambo ambalo programu ingetaka lisomwe kuliko mengine yote limeandikwa chini ya kiwango. Dawa yake ni nyekundu iliyokolea, ile inayokaribia damu ya mzee, pamoja na maneno "Muda umepita", kwa kuwa wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani na hao hawawezi kuachiwa rangi peke yake.

Mambo haya hayapimwi ofisini tu. Mchuuzi anayesimama kwenye soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, saa sita mchana, samaki wakishushwa, anaishika simu chini ya jua ambalo linameza nusu ya utofautishaji wa kioo. Kilichokuwa hafifu kivulini, juani hakipo. Kwa mtu huyo mandhari nyeupe yenye maandishi meusi ndiyo inayofaa. Kile kioo cheusi kilichompendeza usiku sasa kinamwonyesha uso wake mwenyewe. Usiku mambo yanageuka. Mandhari nyeusi haimchomi macho, na kama simu yake ina kioo cha OLED inapunguza matumizi ya betri kweli, kwa sababu nukta nyeusi katika kioo hicho huwa zimezimwa. Katika kioo cha LCD, kilichomo katika simu nyingi za bei nafuu, taa ya nyuma inawaka vilevile, kwa hiyo akiba ni ndogo sana. Msanifu asimwahidi mtu betri ambayo hataipata.

Kisha kuna kusomeka kwenyewe, na hapa Kiswahili kina mahitaji yake. Hebu tazama orodha ya mtu wa mtaa wa Ngamiani, hapa Tanga:

Kulipia luku
Kulipa ada ya shule
Kufuata mzigo stendi ya Kange
Kununua unga
Kumpigia fundi bomba

Mistari mitano, yote inaanza na silabi moja. Jicho linapoteremka pambizoni halipati pa kushika: ku, ku, ku. Kiingereza hakina adha hii, kwa hiyo violezo tulivyoletewa havikuiwazia. Ukiondoa kiambishi, orodha inafunguka: Lipia luku. Lipa ada. Fuata mzigo Kange. Nunua unga. Mpigie fundi bomba. Wengine huona kujiamrisha ni ukali. Basi jina la kitu litangulie, na kitenzi kifuate: Luku, lipia. Vyovyote vile, mandhari isaidie kwa kukoleza neno la kwanza kidogo na kuacha nafasi ya kutosha kati ya mistari, angalau mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi.

Urefu wa maneno nao una lake. Kitufe kilichochorwa kwa neno la Kiingereza la herufi nne kinapaswa kubeba "Imekamilika", yenye herufi kumi na moja. Msanifu asiyejali hupunguza fonti mpaka neno liingie, au huliacha likatwe na nukta tatu, na mtumiaji anabaki na "Imekami…". Kitufe kifuate neno. Google huwashauri watengenezaji wa programu za Android kwamba sehemu ya kugusa isipungue takriban milimita 9 kila upande, na kwa upana Kiswahili kitahitaji zaidi ya hapo. Ni kweli pia kwamba wakati mwingine lugha yetu inalipa deni: keshokutwa ni neno moja, na mtondo, siku inayoifuata, ni neno moja, ambapo wenzetu wanaandika sentensi. Sijaona programu ya kazi yenye kitufe cha Mtondo, na ningependa kuiona.

Wanaodhani kwamba kupanga maandishi katikati ya urembo ni elimu ngeni wafungue doti ya kanga. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 mwambao huu umekuwa ukivaa kitambaa chenye pindo pande zote nne na mji katikati, na baadaye kikaongezwa jina, yaani ule msemo wake. Pindo limejaa, mji unaweza kuwa na maua au makorosho makubwa, lakini jina limetengewa kisanduku chake ambamo hakuna ua linaloruhusiwa kuingia. Herufi ni kubwa, rangi yake iko mbali na rangi iliyo nyuma yake, na bibi arusi akipita, aliye kibarazani anasoma. Muundo uleule huchapwa kwa rangi kadhaa, na jina likabaki lilelile: mandhari zimebadilika, maudhui hayakuguswa. Katika programu, jina ni ile kazi iliyoandikwa. Anayetaka pindo na aweke pindo, lakini ndani ya kisanduku cha kazi asitie kivuli, picha wala mchanganyiko wa rangi.

Limebaki suala la majina ambayo mtumiaji atayaona katika mipangilio. Kwa ile ya usiku nimekuta mandhari nyeusi, hali ya giza, na modi ya usiku. Giza ni kukosekana kwa mwanga, na katika giza hakuna anayesoma. Umeme ukikatika Chumbageni hatusemi tumepata hali nzuri ya kusomea. Usiku nao haufai, kwa kuwa wapo wanaoitumia mchana kutwa kwa sababu ya macho yao. Nyeusi inasema kweli kuhusu usuli, hata kama kwa kawaida si nyeusi tupu bali ni kijivu kilichokolea mno, kama #121212 iliyopendekezwa na Google katika miongozo yake. Basi mandhari nyeusi, na mwenzake mandhari nyeupe.

Chaguo la tatu ni lile linaloiachia simu yenyewe iamue. Tafsiri kama "chaguo-msingi la mfumo" ni sahihi kisarufi, lakini anayeisoma haambiwi kitakachotokea akiigusa. Ningeandika "Fuata simu". Ni maneno mawili, yanaingia katika kitufe, na kila aliye na simu mkononi anajua maana yake.