Kutoka kibanda umiza hadi chuo: Kusoma filamu ni kusoma nini?

Sombetini, moja ya kata za Jiji la Arusha, kijana anaweza kumaliza kidato cha sita akiwa ameangalia muvi kibao kwenye kibanda umiza bila kukanyaga ukumbi wa sinema. Benchi la mbao, TV, spika, na DJ anayetafsiri huku akifunika sauti za waigizaji. Steringi anajulikana mapema, adui naye hachelewi.

Kijana huyo akifika chuo na kukuta somo la utangulizi wa uchambuzi wa filamu, anaona amepata mteremko.

Shida huanza kwenye kazi ya kwanza. Anaambiwa aandike kurasa mbili kuhusu filamu waliyoangalia darasani, naye anasimulia stori mwanzo mwisho: nani alimpiga nani, nani alikufa. Alama zinakuja chache. Mwalimu stori anaijua. Anachouliza ni kwa nini ulimwogopa yule mtu kabla hajafanya lolote. Kamera ilikaa wapi? Mwanga ulitoka upande gani? Muziki ulinyamaza lini?

Kitabu kinachotumika sana duniani kwa somo hili, Film Art: An Introduction cha David Bordwell na Kristin Thompson, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1979, kinafundisha kuangalia jinsi masimulizi yalivyojengwa, kilichopangwa mbele ya kamera, upigaji picha, uhariri na sauti.

Uhariri ndio unaoshangaza wengi. Mrusi Lev Kuleshov, karibu miaka 100 iliyopita, aliunganisha picha ya uso wa mwigizaji mmoja na sahani ya supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Inasimuliwa kuwa watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, huzuni na mapenzi. Uso ulikuwa uleule.

<b>Mfano wa jirani: Hatari!</b>

Mtu wa Arusha hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Hatari! ya Howard Hawks, steringi akiwa John Wayne, ilipigwa kwa sehemu kubwa huku huku, ikiwemo Momella, chini ya Mlima Meru. Kazi ilianza mwishoni mwa 1960, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Filamu ikatoka 1962, nchi ikiwa huru tayari.

Rudia sehemu ya kumfukuza kifaru. Magari yanakwenda kasi, vumbi limetanda, na Wayne na mnyama wanaonekana ndani ya picha moja. Hapo ndipo pa kuandika. Uhariri ungeweza kumwonyesha mtu peke yake, kisha kifaru peke yake, nasi tukadhani wako pamoja. Wakiwa kwenye picha moja, mtazamaji anaamini kwamba mtu anaweza kuumia kweli.

Sasa uliza swali la pili: stori ni ya nani? Waafrika wanaonekana wakisaidia kukamata wanyama na kuhudumia kambi, ila kamera haikai nao. Mashujaa wametoka Marekani na Ulaya, na nchi imekuwa mandhari. Mwanafunzi anaruhusiwa kufurahia kifaru na kuhoji hilo kwenye ukurasa huohuo. Kwa kweli ndicho mwalimu anachotafuta.

<b>Sauti aliyoificha DJ</b>

Kazi ya DJ si ya kudharau. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijijengea jina Tanzania nzima kwa kutafsiri filamu za nje, na anayejua kueleza filamu inayoendelea huku watu wakicheka ana kipaji. Lakini DJ hanyamazi, na ukimya ni sehemu ya filamu. Zoezi zuri ni kuangalia dakika tano bila sauti, kisha kusikiliza dakika hizohizo bila kuangalia.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inafaa kwa zoezi hilo. Inahusu Zanzibar ya miaka ya 1950, waigizaji wanaongea Kiswahili, hivyo DJ hahitajiki. Ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Aliyesoma riwaya ajiulize pia kipi kimeachwa na kwa nini.

Anayetaka kusomea fani hii anaweza kuangalia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au TaSUBa kule Bagamoyo. Kote huko ni safari ndefu kutoka Sombetini, ila kujifunza kuangalia hakusubiri barua ya udahili.

Simu inatosha kwa kuanzia, ingawa picha za mbali zinapotea: kwenye kioo cha inchi sita, kifaru wa Hatari! ni doa ndani ya vumbi. Ukipata laptop au TV, chagua dakika tatu tu, simamisha kila picha inapobadilika, na andika muda, kamera iko wapi na unasikia nini.