Ngeu, Poda na Jicho la Kamera

Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kabla ya kuukaribia mji ilipita Kahe, nchi ya joto na vumbi iliyo chini ya mlima. Na miaka mitano baadaye, mwezi Machi 1916, Waingereza na Wajerumani wakapigana papo hapo, kwani aliyeishika reli aliishika nchi. Wanahistoria wa vita wameziandika siku zile chache za Kahe. Makala haya yanataka kuitazama nchi hiyo kwa jambo linalodhaniwa kuwa dogo: uso wa mtu anayekwenda kupigwa picha, na kile anachoupaka kwa fedha alizo nazo.

Watu wa nyanda zile hawakungoja reli ili wajue kujipamba. Jirani zao Wamasai walikwisha kuchanganya ngeu na mafuta wakajipaka mwilini mpaka wang'ae. Huku kwetu visiwani tulikuwa na liwa iliyosagwa juu ya jiwe, tukawa na dalia, hina na wanja. Vyote hivyo vilikuwa rahisi, na vyote vilitengenezwa kwa ajili ya jicho la mtu aliye karibu, pengine na pua yake pia, katika mwanga wa jua au wa taa ya mafuta. Kamera ilikuja na jicho jingine, nalo halikuona kama tuonavyo sisi.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa kuwa bila ya jambo hili yafuatayo hayaeleweki. Vioo vya picha walivyobeba wasafiri na wamisionari wa karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20 vilikuwa na dawa iliyouona vizuri mwanga wa buluu, na ambayo kwa rangi nyekundu ilikuwa kama kipofu. Mbingu ya buluu ilitoka nyeupe pepe. Chenye wekundu kilitoka cheusi. Kwa hiyo theluji ya Kibo ilipotea ndani ya mbingu iliyo nyeupe kama yenyewe, na kijana wa Kimasai aliyejipaka ngeu ili ang'ae alitoka mweusi kama mkaa. Ngozi ya kahawia nayo, ambayo hurudisha wekundu mwingi kuliko ubuluu, ilitiwa giza kupita ilivyo. Nyaraka za misheni ya Leipzig zimehifadhi picha nyingi za Kilimanjaro za zama hizo. Anayezitazama akadhani amewaona mababu zetu walivyokuwa, amewaona kwa dawa ile. Mimi nafanya kazi ya kufasiri, na naziita picha hizo tafsiri: maneno yamo, ila sauti imebadilishwa.

Vioo na filamu zenye kuona rangi zote zilianza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20, zikaenea taratibu. Kisha ikaja filamu ya rangi, na kwayo ugonjwa ule ukarudi kwa mlango mwingine. Tangu miaka ya 1950 Kodak iliwapelekea wasafishaji picha kadi ya kupimia rangi, yenye sura ya mwanamke mweupe. Wenye kazi wakaizoea kwa jina la Shirley, jina la mmoja wa wanawake wa mwanzo waliopigwa picha hizo. Picha ilihesabiwa kuwa sawa iwapo Shirley ametoka vizuri. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alichapisha mwaka 2009 uchunguzi wake juu ya kadi hiyo, na humo mna habari inayochekesha na kuudhi kwa pamoja. Kilichoisukuma sana kampuni kuboresha namna filamu ilivyoonyesha rangi za kahawia ni malalamiko ya wauza chokoleti na wauza samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutofautishwa vema katika picha za matangazo. Uso wa bibi harusi wa Kahe ulinufaika kwa hisani ya kabati na peremende.

Basi tuingie studio, iwe ya Moshi au ya Mji Mkongwe, ambako Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930. Kioo na kitana vilikuwapo kwa ajili ya mteja, na mara nyingine kikopo cha poda. Mpiga picha alikuwa na shida ya kweli. Katika harusi shela nyeupe hurudisha mwanga mwingi. Akipima mwanga kwa shela, nyuso hutumbukia gizani, na akipima kwa nyuso, shela huungua na kuwa wingu. Njia ya mkato ilikuwa kuupandisha uso kuelekea weupe wa shela, na poda iliyoletwa na biashara ilikuwa ya rangi moja au mbili, zote za Shirley. Ndiyo maana katika albamu nyingi za zamani tunawaona bibi harusi wenye uso wa majivu juu ya shingo ya kahawia. Tumewacheka sana. Kosa halikuwa lao.

Wengine hawakuishia kwenye poda, ambayo huoshwa usiku. Walisogea kwenye mkorogo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza tarehe 1 Januari 1969, ukipiga vita sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Mwaka huo huo wa 1968, mkoani Arusha, jirani kabisa na Kilimanjaro, serikali iliwakataza Wamasai kujipaka ngeu na kuvaa lubega, kwa kuwa taifa jipya lilitaka wavae kisasa. Tazama basi: msichana wa mjini alikatazwa mkorogo kwa kuwa ni wa kizungu, na kijana wa nyikani alikatazwa ngeu kwa kuwa si ya kizungu. Katika yote mawili hakuna aliyeuliza kamera inaona nini, wala poda ya rangi ya watu itapatikana wapi.

Lakini juu ya mkorogo wenyewe sina utetezi. Krimu zenye zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Tanzania imezipiga marufuku pamoja na zile zenye haidrokwinoni, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango. Bado hupenyezwa, na bado huuzwa rahisi.

Aliye na fedha kidogo, na ana harusi Jumamosi, afanye nini? Yako mambo machache ambayo historia hii inayafundisha bila ya duka kubwa. Poda ijaribiwe kwenye taya, nje, mchana: ikipotea ndiyo yake, ikionekana si yake, hata ingekuwa ya bei gani. Poda nyeupe ile laini sana, iuzwayo kwa sifa ya kutoonekana, pamoja na krimu za kukinga jua zenye madini meupe ya titani au zinki, zinaweza kuurudisha mwanga wa flashi, na mtu aliyekuwa mzuri kwenye kioo akatoka na mabaka meupe. Kwa joto la Kahe leso ya kufutia jasho ina kazi kuliko poda ya pili. Mafuta kidogo, hata ya nazi, kwenye mwanga mpole wa dirishani huufanya uso uwe na umbo. Chini ya flashi hugeuka kuwa kioo. Wanja hubaki kuwa kipodozi chenye faida kuliko vyote kwa bei yake, kwani kamera hupenda mpaka ulio wazi kati ya jicho na ngozi, ila wanja wa jiwe huweza kuwa na risasi, kwa hiyo usipakwe watoto. Rangi ya mdomo ya zambarau au nyekundu iliyoiva hukaa vema kuliko waridi hafifu.

Ufundi nao umesogea. Mwaka 2017 Fenty Beauty ilianza kwa rangi 40 za msingi, na makampuni mengine yakaona haya au yakaona faida. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye simu za Tecno, ilipata soko kubwa la Afrika kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kurekebisha kamera zake ili zisome ngozi nyeusi. Mfanyabiashara wa simu amekuja mahali pa yule wa chokoleti. Hata hivyo simu nyingi zina kitufe cha urembo ambacho, kisipozimwa, huulainisha uso na mara nyingi kuung'arisha pia, bila ya kumuuliza mwenyewe. Kwa hiyo bibi harusi asimame kwenye kivuli cha mlango, ageuze uso nje kwenye mwanga, na anayempiga aguse uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, isipime shela. Kitufe kile kizimwe kwanza.